Jibu: Koilova za Altezza zinagonga mbele

Mkuu, salaam. Umefunga koilova mpya (shokapu na springi zikiwa kitu kimoja, unachoweza kukizungusha kupandisha au kushusha gari) kwenye Toyota Altezza yako, umelishusha gari, sasa mbele linagonga ko-ko-ko kila ukiingia barabara ya vumbi. Langu lilinifanyia hivyohivyo hapa Tabora, nusura ninunue nyingine bure.

Anza na springi. Piga jeki mpaka tairi lining'inie, shika springi uizungushe kwa mkono. Ikizunguka kirahisi, mchawi ndiye huyo. Mafundi wengi hushusha gari kwa kulegeza ringi ya springi (ile inayoishikilia kwa chini), nayo springi inabaki inacheza. Kaza ringi mpaka springi itulie, ongeza milimita 2 au 3, halafu urefu wa gari uupunguze kwa kuzungusha kikombe cha chini (kile kinachoshika mguu wa shokapu), kama zako zina kikombe cha kuzungusha. Kabla ya kuzungusha chochote, piga brashi nyuzi za shokapu (ile mistari ya skrubu), vumbi letu jekundu linaziuma.

Springi ikiwa salama, fungua boneti, weka kiganja juu ya maunti (kishikio cha juu cha koilova kwenye bodi), mwenzako alibonyeze gari. Nati ya kati ikiwa imelegea utaisikia mkononi.

Bolti za bushi (mipira ya kwenye maungio chini ya gari) zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Mimi nilikaza likining'inia, bushi zikachanika mapema. Alaimenti (kunyoosha tairi) ifuate baada ya hapo.

Na pandisha kidogo bwana, makorongo ya Kiloleni hapa Tabora yatakula hiyo bampa.