Ondokeni tarehe 5, msingoje tarehe 6

Maswali yenu ya safari za mlimani yanajibiwa na muongozaji mstaafu wa Kilimanjaro

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina miaka 46. Tuko walimu sita, tumechangishana tangu mwaka jana tupande Kilimanjaro, na nia yetu ni kuwa kileleni asubuhi ya tarehe 9 Desemba. Kampuni tuliyoipata inatupeleka njia ya Marangu kwa siku tano, kuanzia tarehe 6. Ipo pia safari ya siku sita lakini bei inapanda, na wenzangu wanasema hiyo siku ya ziada ni ya kukaa bure. Je, siku tano zinatosha? Dawa ya Diamox, ile ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ni lazima? Mume wangu naye ananihimiza nikimbie kila asubuhi. – Mwalimu, Dodoma

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongereni kwa mchango wenu. Tarehe 9 naielewa vizuri. Kila nilipofika pale juu nilimkumbuka Luteni Alexander Nyirenda, aliyeupandisha Mwenge na bendera yetu usiku wa uhuru mwaka 1961. Kwa hiyo sitawaambia mbadili tarehe ya kilele. Nawaomba mbadili tarehe ya kuondoka.

Tuifuate ratiba mliyopewa. Tarehe 6 mnalala kambi ya Mandara, kama mita 2,700. Tarehe 7 mnalala kambi ya Horombo, kama mita 3,700. Tarehe 8 mnavuka lile jangwa la katikati ya vilele viwili vya mlima huu, Mawenzi na Kibo, mnafika kambi iitwayo kibanda cha Kibo, mita 4,700 na kitu. Mnakula mapema, mnajilaza, usingizi hauji, na kabla ya saa sita usiku mnagongewa mlango mnywe chai muondoke. Kuanzia hapo ni changarawe, gizani, hadi Gilman's Point, kisha mnaufuata ukingo wa kreta mpaka kilele chenyewe, Uhuru, mita 5,895. Yaani toka asubuhi ya tarehe 8 hadi asubuhi ya tarehe 9 mwili umepandishwa zaidi ya mita 2,000, na haujapata usingizi. Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pako pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Linganisheni na ratiba yenu.

Mkianza tarehe 5, kilele ni tarehe 9 vilevile, na getini mnarudi tarehe 10 vilevile. Kinachoongezeka ni usiku wa pili Horombo. Na hiyo siku haina kukaa bure hata kidogo! Asubuhi mnapanda taratibu upande wa Mawenzi, mnapita miamba yenye mistari kama pundamilia, mnagusa mita 4,000 na kitu, mnapumzika kidogo, halafu mnarudi kula na kulala palepale Horombo. Sisi tunasema panda juu, lala chini. Kileleni kila pumzi inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Mwili unajifunza kupumua haraka na kwa kina, figo nazo zinairekebisha damu iendane na pumzi hizo, na kazi hiyo inataka siku. Haiharakishwi kwa ujasiri.

Nikueleze kwa nini nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliajiriwa na kampuni iliyouza siku tano kwa kila mtu. Nikampata kijana mmoja, mcheza mpira, miguu kama nguzo. Siku zote alikuwa wa kwanza kufika kambini, nikawa namsifu mbele ya wenzake. Usiku ule Kibo nilimuuliza hali, akasema, "Kichwa kidogo tu." Kisha nikamwona anafunga kamba za buti. Akazipishanisha, zikamponyoka. Akaanza tena, zikamponyoka. Mara ya tatu akabaki ameishikilia ile kamba anaitazama, kama mtu aliyesahau ni ya nini. Nikapiga goti, nikamfungia mimi, tukaondoka.

Karibu na pango la Hans Meyer alianza kuyumba kama mlevi. Nikamwambia atembee kisigino kiguse kidole, hatua kumi tu. Hakuweza mbili. Tulimshusha, muongozaji msaidizi na mimi, mmoja kila kwapa, kwa ile changarawe, hadi Kibo, na kutoka pale kwa machela ya gurudumu moja hadi Horombo. Jioni alikuwa amekaa anakunywa uji, ananiuliza imekuwaje. Alipona kwa sababu alishuka. Lakini ubongo wake ulikuwa umeanza kuvimba tangu alipokuwa anahangaika na zile kamba, na mimi nilizifunga kwa mikono yangu badala ya kumgeuza.

Ndiyo maana nakuomba, mwalimu, waambie wenzako wasimfiche muongozaji kitu. Kichwa kuuma peke yake ni kawaida kule. Kichwa pamoja na kichefuchefu, kutapika au kizunguzungu, hapo hakuna kupanda tena mpaka hali itulie. Mtu akiyumba, akiongea ovyo, au akihema sana hali amekaa, anashuka saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Wasimeze panadoli kimyakimya halafu waseme wako sawa.

Mazoezi: mume wako anakutakia mema, na kukimbia kutakusaidia pumzi na miguu. Lakini hakuzuii ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata mtu anayepanda juu kabla mwili haujazoea hewa nyepesi. Wenye nguvu nao wanaugua, hasa wakienda haraka. Mimi ningekushauri upande na kushuka ngazi, na Jumamosi utembee saa tano au sita ukiwa na begi mgongoni na buti zilezile utakazopanda nazo. Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka.

Diamox si lazima. Inausaidia mwili kuzoea mwinuko mapema, na watu wengi huianza siku moja kabla ya kupanda, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una presha, tatizo la figo au mzio wa dawa za salfa. Akikuandikia, mwombe uijaribu ukiwa nyumbani. Vidole vinaweza kuwasha kama vinatembelewa na sisimizi, na utaamka kwenda haja ndogo mara kwa mara. Ni heri uyajue hayo Dodoma kuliko Horombo kwenye baridi. Dawa hii haichukui nafasi ya ile siku ya sita.

Kabla hamjalipa, iulizeni kampuni jambo moja ambalo wateja wengi hawaliulizi: usiku wa kilele mtakuwa na waongozaji wasaidizi wangapi? Mko sita. Mmoja akigeuzwa, lazima ashuke na mtu. Wa pili akigeuzwa, vivyo hivyo. Kama yuko muongozaji mmoja na msaidizi mmoja, mtu wa pili anapougua safari ya wote imekwisha, au, vibaya zaidi, mgonjwa anaburuzwa juu. Ulizeni pia kama wanabeba mtungi wa oksijeni na kile kipimo cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni iliyomo kwenye damu.

Na waulizeni wanawalipaje wapagazi. Kibo hakuna maji. Kila kikombe cha chai mtakachokunywa pale kilipanda kichwani au begani mwa mtu, kutoka kule kwenye maji ya mwisho. Mzigo wa mpagazi ukomo wake ni kilo 20 na unapimwa kwa mizani getini, lakini nimeona kwa macho yangu mizigo ikipunguzwa kabla ya mizani na kurudishwa baada ya kona ya kwanza. Kampuni inayoshirikiana na KPAP, shirika la kuwatetea wapagazi lililoko Moshi, inafuatiliwa katika hayo. Mkiona kampuni imeshusha bei kupita wenzake wote, jueni kuna mpagazi anayelala na njaa ili bei hiyo iwezekane. Bahashishi nayo iwekeni kwenye bajeti tangu sasa, na mtangaze hadharani, mbele ya kundi zima, ni kiasi gani kwa kila kazi.

Mwanzoni mwa Desemba mvua za vuli huwa zinaweza kuwapo bado kule msituni. Nguo za usiku wa kilele zifungeni kwenye mfuko usiopitisha maji na msiziguse hadi Kibo.

SWALI: Shikamoo baba. Tuko vijana wanne wa chuo, tuna mahema na majiko yetu. Tunaweza kupanda bila muongozaji tukalipa kiingilio tu? – Mwanachuo, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana. Kanuni za hifadhi zinataka muongozaji mwenye leseni, na getini hamtapita. Mkitaka kupunguza gharama, tafuteni vijana wengine mjaze kundi, maana gharama za muongozaji na mpishi mtagawana wengi. Na kwa kuwa ninyi ni raia wa Afrika Mashariki, kiingilio chenu ni kidogo mno kuliko cha mgeni, basi msisahau vitambulisho.

SWALI: Mwaka jana maji yangu yaliganda usiku wa kilele, nikafika Gilman's Point na kiu kali, nikarudi. Nifanyeje safari hii? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Pole sana. Bila shaka ulikuwa na ule mfuko wa maji wenye mpira wa kunyonyea, na mpira ndio huganda kwanza. Usiku huo beba chupa mbili zenye mdomo mpana, zijaze maji ya moto, kila moja ivishe soksi nene ya sufu, uziweke ndani ya begi zikiwa zimepinduliwa, mfuniko chini. Barafu huanzia juu ya maji, kwa hiyo ukiigeuza chupa kunywa, mdomoni bado ni maji.