Ufukwe wa kwenda na kurudi? Ukerewe iache

Mkuu, umeuliza ufukwe wa kupeleka watoto Jumapili na jioni muwe mmerudi Mwanza mjini. Ukerewe itoe kwanza. Meli ya Nansio, bandari ya kisiwa hicho, inakula kama masaa matatu kwenda tu, siku imeisha.

Mimi ningeenda fukwe za Ilemela, upande wa uwanja wa ndege. Mchanga upo, sato wa kukaanga yupo, bodaboda inakufikisha. Ila kabla hujaagiza chochote shuka majini uangalie. Ukiona matete, magugumaji na maji yaliyotulia kama bwawa, usiingize mtoto. Konokono wa kichocho ndiyo kwao hapo. Wa kwangu aliwahi kukojoa damu, tukaishia kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, na alichezea maji ya magotini tu! Waulize pia wavuvi kuhusu mamba, wao hawana soda ya kukuuzia.

Wahi asubuhi, mchana upepo huanza kuvuruga ziwa.

Kama kuogelea si lazima, vukeni kisiwa cha Saanane. Boti kutoka Capri Point ni dakika chache, ni hifadhi ya taifa tangu 2013 (kiingilio kipo), na pimbi utawakuta wanaota jua juu ya majabali.