Kabla hujasaini maelezo polisi, soma kwanza

Mwaka juzi nilinunua simu ya Tecno iliyokwishatumika kwa dogo mmoja pale Mwanga, huku Kigoma, elfu themanini, hakuna risiti wala nini, nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Wiki tatu mbele niko zangu Kibirizi nasubiri mzigo wa dagaa, wakaja jamaa wawili wamevaa kiraia, hii namba yako? Yangu. Haya twende kituoni.

Nikaenda tu kama kondoo, na hapo ndo nilianza kukosea. Anayekukamata anatakiwa akwambie unakamatwa kwa kosa gani, na wewe una haki ya kujua jina na cheo chake, sasa uliza lakini kwa adabu, usisukumane nae maana utajiongezea kesi nyingine bure. Na angalia saa! Tangu ushikiliwe polisi wana masaa 4 ya kukuhoji, labda yaongezwe kwa utaratibu, kwahiyo wakili wako siku moja ataiulizia hiyo saa.

Kaunta wanachukua mkanda, simu, pesa. Simama hapohapo mpaka uone pesa zako zimeandikwa kiasi kamili, jamaa niliyemkuta selo alikuwa analilia zake.

Haya sasa maelezo ya onyo, hapa ndo watu wengi wa Kigoma tunaumia. Mpelelezi alinionya vizuri tu kwamba silazimiki kusema na nitakachosema kinaweza kutumika mahakamani, akauliza, akaandika karatasi mbili na nusu mbiombio, afu akanigeuzia, "saini hapa chini tumalize". Nilikuwa na njaa, peni nimeshashika. Sijui nini kilinifanya nirudi juu, mstari wa tatu nakuta "nilinunua nikijua ni ya wizi". Yaani! Mimi nilisema SIKUJUA. Nikamwambia afande samahani, hili sijalisema. Akaguna, akanitazama weee, akakata mstari, akaandika upya, tukasaini wote pembeni pale palipokatwa. Sidhani kama alikusudia, ila hakimu angesoma kilichoandikwa. Kusoma au kusomewa, kusahihisha na kuongeza ni haki yako kisheria, na kabla ya hapo una haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili.

Dhamana ni bure. Shemeji alikuja na barua ya mtendaji na kitambulisho cha NIDA, akajaza fomu, basi, ingawa kuna mtu pale koridoni alitaka "hela ya karatasi", tukajifanya hatujasikia. Wasipokupa dhamana, sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya masaa 24 au mapema inavyowezekana. Ila mauaji, uhaini, unyang'anyi wa silaha havina dhamana, hivyo kishoka, yaani dalali asiye rasmi, akikwambia mpe laki mbili atakutolea ndugu yako, mfukuze. Huna hela ya wakili? Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri uulizie wasaidizi wa kisheria, hawalipishi.

Mimi niliishia kuwa shahidi, dogo alipatikana, simu ikarudi kwa mwenyewe. Elfu themanini yangu mpaka leo sijaiona. Siku hizi hata nikinunua jiko la mkaa la mtumba naandikishana na muuzaji na shahidi juu, watu wa Mwanga wananicheka kweli.