Kamba hawa au kamba hizi? Na nani anamlisha nani?

SWALI: Mwanafunzi wangu ameandika hivi kuhusu kamba wa kilindini wanaoishi Kairei, katika Bahari ya Hindi: "Kamba hizi ndogo hazina macho, zinaishi na bakteria zake karibu na maji ya moto." Nikasahihisha: "kamba hawa wadogo hawana". Mwenzangu anayefundisha Biolojia anapinga, eti kiumbe asiye na macho wala uti wa mgongo haitwi "huyu". Tuamulie. (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, umesahihisha vyema. Ngeli ya A-WA haihesabu macho wala mifupa. Kiumbe akiwa mnyama, basi. Pweza hana uti wa mgongo, na mvuvi wa kwenu hasemi "pweza hii imenikimbia". "Kamba hizi" ni za kufungia mashua. Sokoni utasikia "kamba hizi kilo bei gani?" na mimi sigombani na mtu mwenye kikapu mkononi, kwani kwake ni bidhaa. Mwanafunzi anaeleza wanyama walio hai, tena wenye pilikapilika.

"Bakteria zake" nayo irekebishwe. Kamba ni wengi, kwa hiyo "-ao". Na bakteria nawaweka A-WA pia: "bakteria wao".

Kuhusu macho, mwenzako amebeba kosa la mwanafunzi bila kulikagua. Kamba hao, Rimicaris kairei, wanaishi kwenye chemchemi za moto zilizogunduliwa mwaka 2000 kusini-mashariki ya kisiwa cha Rodrigues, kwenye kina cha mita 2,400 hivi. Waliokomaa hawana macho ya vikonyo kama kamba wa mikokoni, ila mgongoni wana kiungo kinachonasa mwanga hafifu mno. Kwa hiyo aandike "hawana macho ya kawaida". "Kamba vipofu" ni sahihi kisarufi lakini si kweli.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo gumu zaidi. Ukishawaweka kamba na bakteria katika ngeli moja, tazama sentensi hii: "kamba wanaowalisha bakteria". Nani analisha? Yaweza kuwa kamba ndio wanaotoa chakula. Yaweza pia kuwa bakteria ndio wanaowalisha kamba, maana kirejeshi "-o-" hapa hakitofautishi mtenda na mtendwa. Msomaji wa "mbwa wanaowafuata watoto" hupata taabu iyo hiyo.

Na kwa kamba wa Kairei huwezi kukisia, kwa sababu maana zote mbili zina ukweli ndani yake. Maji yanayotoka ardhini yana joto linalopita nyuzi 300 na kemikali ambazo bakteria huzitumia kupata nguvu. Maji ya bahari yanayozunguka ni baridi, nayo yana oksijeni. Bakteria wanahitaji vyote viwili. Kamba hujazana kwa maelfu pale maji hayo yanapochanganyika, wakisukumana wapate nafasi, asogee mno aungue, arudi nyuma mno bakteria wakose chakula. Bakteria wenyewe wamejibanza kwenye viungo vya mdomo na ndani ya gamba, karibu na matamvua, na kamba hupitisha maji humo bila kukoma. Kamba naye hupata lishe kutokana na kile bakteria wanachotengeneza.

Dawa ni kutumia kauli ya kutendwa: "kamba wanaolishwa na bakteria". Akitaka kutaja pande zote mbili, aandike "kamba na bakteria hulishana". Hiyo "hu-" inamwondolea pia mzigo wa kuchagua kiambishi cha ngeli.

Mwambie pia asiache upatanisho ulegee anapofika kwenye sehemu za mwili, kwani hizo hubaki katika ngeli zake: gamba hili, mdomo huu, matamvua haya. Mfano: kamba anapojivua gamba, bakteria waliolishikilia huondoka nalo, na wengine huanza kujaa upya kwenye gamba jipya.