Rezista ya saruji kwa mzigo bandia wa omu 50

Umeuliza kama rezista ya saruji inafaa kuwa mzigo bandia, yaani kitu kinachokaa mahali pa antena unapojaribu redio ya kurushia. Haifai kaka, hata kama maltimita inasoma omu 50 kamili. Ndani ya hiyo nyeupe ya saruji kuna waya uliozungushwa, kwa hiyo kwenye masafa ya redio inakuwa koili. Maikrohenri 5 tu, kwenye megahezi 7, ni kama omu 220 za ziada, na mita haikuonyeshi kwa sababu inapima kwa mkondo wa betri.

Nunua rezista 20 za omu 1,000, wati 2 kila moja, za kaboni au za filamu ya metali. Zilehemu sambamba kati ya vipande viwili vya bati la shaba, miguu ifupishwe kabisa. Unapata omu 50 na wati 40, bei ya chai na maandazi.

Ukishafika hapo ongeza daiodi na kapasita ndogo, tayari una kipima nguvu: soma volti, ongeza 0.6 inayoliwa na daiodi, zidisha jumla kwa yenyewe, gawa kwa 100. Wati 5 zitakupa takriban volti 21.8 kwenye mita. Angalia tu daiodi: 1N4148 inahimili volti 100 kinyume, na hapo inabeba mara mbili ya kilele cha volti za redio, kwa hiyo usivuke wati 25, na mimi ningeishia 15.

Kwa HF, yaani megahezi 3 hadi 30, inatosha. Ukipanda hadi megahezi 144, hata hiyo miguu mifupi inaanza kuharibu kipimo.