Gharama Zinazokataliwa na KRA na Faida ya Mjenzi wa Nyumba za Kuuza

Nimekuwa nikitayarisha hesabu za ushuru za kampuni zinazojenga nyumba za kuuza katika viunga vya Nairobi, hasa upande wa Ruiru, Juja na Kitengela, na kuna jambo moja ambalo ningependa kila mstawishaji alielewe kabla ya kuchimba msingi: gharama iliyolipwa kwa haki, kwa kazi inayoonekana kwa macho, inaweza kukataliwa yote na KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Nyumba itakuwa imesimama, imepauliwa na kuuzwa, lakini katika makadirio ya ushuru mawe yaliyoijenga yatahesabiwa kana kwamba hayakununuliwa kamwe.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato kinaruhusu mfanyabiashara kuondoa katika mapato yake gharama alizotumia kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo tu. Kifungu cha 16 ndicho kinachotaja zisizoruhusiwa, na tangu tarehe 1 Januari 2024 kimeongezwa sharti zito: gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa KRA wa kutoa ankara, haiondolewi, isipokuwa ile iliyosamehewa sharti hilo, kama vile mishahara, riba na bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Ankara hiyo lazima iwe na PIN, yaani nambari ya mlipa ushuru, ya kampuni inayojenga. Nimewahi kuona ankara nzuri kabisa za saruji na nondo zikiwa na PIN ya mkurugenzi mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekwenda dukani, na kampuni ikashindwa kuzitumia.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika hesabu. Chukua mfano wa kampuni iliyouza nyumba kwa shilingi milioni 200 na kutumia milioni 150 kuzijenga. Faida ni milioni 50, na ushuru wa asilimia 30 ni milioni 15. Sasa afisa akikataa milioni 40 za mawe, mchanga na kazi za mafundi, faida inayotozwa ushuru inapanda hadi milioni 90 na ushuru unafika milioni 27. Juu ya zile milioni 12 za ziada kuna adhabu ya asilimia 5 kwa kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, ambayo kwa miaka miwili ni karibu milioni 2.9. Kampuni iliyopata faida halisi ya milioni 50 itakuwa imetoa zaidi ya milioni 30, na hapo hatujataja adhabu nzito zaidi inayoweza kutozwa ikiwa afisa ataamua kwamba taarifa ilikuwa ya kupotosha. Wajenzi wengi hukadiria faida yao kwa kutazama akaunti ya benki, ilhali ushuru hukadiriwa kwa kutazama ankara.

Mara nyingi shida haitoki kwa wauzaji wakubwa. Viwanda vya saruji na maduka makubwa ya vifaa hutoa ankara bila kuombwa. Shida iko kwenye machimbo ya mawe ya Ndarugo, kwenye malori ya mchanga kutoka Machakos, na kwa mwenye trekta aliyesawazisha kiwanja kwa siku mbili akalipwa kwa simu. Hawa ndio wanaobeba sehemu kubwa ya gharama ya nyumba, na wengi wao hawajajisajili katika eTIMS. Sheria iliyorekebishwa mwishoni mwa 2024 imefungua mlango hapa: muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka anaweza kuandikiwa ankara na mnunuzi mwenyewe, mradi awe na PIN na akubali. Ushauri wangu ni kwamba makubaliano hayo yafanywe kabla lori halijashusha mzigo. Dereva akishaondoka na pesa zake, kumtafuta miezi minane baadaye ili athibitishe ankara ni kazi ambayo sijaona ikifanikiwa mara nyingi.

Vibarua wanahitaji uangalifu wa aina nyingine. Ujira wao hauhitaji ankara ya eTIMS, lakini unahitaji daftari la kila siku lenye jina, nambari ya kitambulisho, kazi iliyofanywa na kiasi kilicholipwa, pamoja na makato ya kisheria, ikiwemo ada ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri. Lakini ukimkabidhi fundi mkuu fedha kwa mkupuo ili awalipe wenzake, huenda afisa akasema huyo ni mkandarasi, akadai ankara yake na ushuru wa asilimia 3 ambao ulipaswa kuukata kwenye malipo yake. Amueni mapema ni lipi kati ya hayo mawili, kisha mshikilie hilo hilo katika mkataba, daftari na malipo.

Kuhusu VAT, yaani ushuru wa thamani iliyoongezwa, nitasema kwa ufupi. Uuzaji wa nyumba za makazi umesamehewa VAT, kwa hiyo ile asilimia 16 uliyolipa kwenye saruji hurejeshewi, bali huiingiza kwenye gharama ya ujenzi. Vilevile, gharama ya nyumba ambazo hazijauzwa husubiri kwenye vitabu hadi mwaka zitakapouzwa. Na ukiamua kuzipangisha kwa mpango wa ushuru wa asilimia 7.5 wa mapato ya kodi ya nyumba, ushuru huo hutozwa kwenye mapato yote bila kuondoa gharama yoyote.

Kitu ambacho siwezi kukitetea, na huwaambia wateja wangu hivyo waziwazi, ni mabati na vigae vya nyumba ya mkurugenzi kijijini vilivyoingizwa kwenye vitabu vya mradi. Mbali na kukataliwa, vinamfanya afisa atilie shaka hata zile ankara halali.

Ukishapokea makadirio ya ushuru usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuwasilisha pingamizi, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Weka kumbukumbu kwa miaka mitano. Kwa kila kiasi kilichokataliwa, ambatisha mkataba, hati ya kupokelea mzigo iliyotiwa saini pale mjengoni, taarifa ya benki au ya simu, na cheti cha mkadiriaji majenzi kinachoonyesha kazi iliyofikiwa tarehe hiyo. Ushuru usioupinga unapaswa kulipwa kwanza, la sivyo pingamizi lenyewe linaweza kuhesabiwa kuwa batili. KRA nayo ina siku 60 za kuamua, na usiporidhika na uamuzi huo una siku 30 nyingine za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Kodi.