Ukumbi ukifungwa, nani ana namba za walimu?

Mwigizaji wa setibuku, yaani vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni, nchini Kenya haishi kwa tiketi za Ijumaa jioni. Anaishi kwa shule. Kikundi kinaondoka Nairobi alfajiri, kinaigiza asubuhi kwenye bwalo la shule moja Murang'a au Machakos, kinakunja mapazia, kinaigiza nyingine mchana, na jioni watu wanalipwa. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha mimi na mwanangu. Machi 2020 shule zote zilipofungwa kwa sababu ya korona, ilikatika ghafla, na kafyu iliyoanza tarehe 27 mwezi huohuo ikazima hata maonyesho ya jioni mjini.

Wasichana wanaoingia katika fani huniuliza tulivukaje kipindi kile. Wengi wameshaambiwa kwamba msanii lazima ajue kubadilika, na ni kweli. Ila kubadilika kunataka mtaji, na katika fani yetu mtaji mwingi umeshikwa na wanaume. Hilo ndilo ninalotaka mlijue mapema.

Miaka ile tulikuwa tukiigiza Kigogo ya Pauline Kea. Anayeubeba mchezo ule ni Tunu, mwanamke anayemkabili mtawala wa Sagamoyo bila kurudi nyuma. Upande wa Kiingereza kulikuwa na A Doll's House, ambao hauendi bila Nora. Jukwaani, basi, wanawake ndio waliokuwa nguzo. Lakini aliyekuwa na namba za walimu wa fasihi kwenye simu yake alikuwa mwanamume. Mwenye gari, mwenye spika na maikrofoni, anayepokea hundi ya shule: wanaume. Kwa hiyo mambo yalipoharibika, wao ndio waliowapigia walimu, wakarekodi michezo na kuiuza mtandaoni. Sisi tuliitwa kuigiza mbele ya kamera, tukapewa nauli na kitu kidogo juu yake. Video zikaendelea kuuzwa.

Nyumbani nako kulikuwa na kazi yake. Nairobi ilifungwa kuanzia tarehe 6 Aprili hadi mwanzoni mwa Julai. Dada aliyekuwa akinisaidia na mtoto alikuwa ameenda kwao, hakuweza kurudi. Watoto wengi hawakuingia darasani tena hadi Januari 2021. Matangazo ya redio niliyarekodi usiku wa manane, nikiwa nimejifunika blanketi mimi na simu ili mwangwi wa chumba usisikike, huku nikiomba mtoto asiamke kabla sijamaliza sentensi. Mwenzangu wa kiume aliyeitiwa kazi hiyohiyo alirekodi mchana, mkewe akiwa amewatoa watoto nje. Alituma sampuli kadhaa, mimi nikatuma moja. Prodyuza hakuwa na njia ya kujua kwa nini, na kazi iliyofuata alipewa yeye. Sina kinyongo naye. Ninachokataa ni pale watu wanaposema alijituma kuliko mimi.

Sasa, la kufanya. Kwanza, namba za walimu. Mchezo ukiisha, usikimbilie kubadilisha nguo. Mtafute mwalimu wa fasihi, mwulize wanafunzi wanasumbuliwa na sehemu gani ya kitabu, chukua namba yake, andika na jina la shule. Kama kikundi kinakukataza kuzungumza na walimu, basi kinakueleza wazi faida iko wapi. Mimi nilipoanza kufundisha uigizaji kwa simu mwaka ule, wanafunzi wangu wa kwanza walitoka kwa walimu niliokuwa nikisalimiana nao kwa jina.

Pili, kamera ikitajwa, pesa zitajwe. Video itauzwa wapi, kwa muda gani, na fungu lako ni lipi? Mkataba wa karatasi ndio bora, lakini hata ujumbe wa WhatsApp uliojibiwa "sawa" ni ushahidi. Hapohapo uliza utalipwa nini onyesho likiahirishwa baada ya mazoezi kufanyika. Jisajili PRISK kwa jina lako la kitambulisho, kwa sababu ndicho chama kinachokusanya mirabaha ya waigizaji na waimbaji. Aprili 2020 serikali ilitangaza shilingi milioni 100 za kusaidia wasanii. Fedha za namna hiyo hutafuta watu wenye makaratasi, na dada anayejulikana tu kama "yule wa Tunu" hana karatasi yoyote.

Tatu, mtoto aingie kwenye bajeti ya mazoezi. Sisi wanawake wachache tulianzisha chama, na michango yake ya kwanza ililipa mama mmoja aliyekaa na watoto wetu wote siku za mazoezi. Baadaye tukaanza kumwambia mwenye kikundi gharama hiyo mapema, pamoja na nauli. Wengine walikataa. Waliokubali ndio tunaofanya nao kazi hadi leo.

Na kuna hili ambalo hatulisemi vya kutosha: njaa ikizidi, mialiko ya "njoo tuongelee nafasi yako" nyumbani kwa mtu usiku nayo huzidi. Usiende peke yako. Omba mkutane mchana, mahali penye watu, na mwenzako wa chama ajue uko wapi. Nafasi inayopotea kwa sababu hiyo, acha ipotee.

Mabadiliko yajayo tayari yana tarehe. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, watafanya mtihani mwaka 2027, na biashara ya setibuku kama tulivyoizoea haitabaki ilivyo. Sekondari ya juu ya mtaala mpya ina mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, na maigizo na filamu ni somo ndani yake. Wapo walimu watakaohitaji mtu aliyewahi kusimama jukwaani awasaidie kulifundisha kwa vitendo. Andika barua kwa shule zilizo karibu nawe, kwa jina lako mwenyewe, uipeleke kwa mkono kabla muhula haujafungwa.